Benki ya Kiislamu Ikibadili Mfumo: Usikimbilie Kutia Sahihi

Benki ikibadili jina, wenye hisa au mfumo wa kompyuta, kaunta za Mombasa hujaa watu wenye swali moja: mkataba wangu bado upo? Upo. First Community Bank, iliyoanza kazi 2008, ilipata mwenye hisa nyingi mpya 2023, Premier Bank ya Somalia, na jina likabadilika. Mkataba haufi kwa kung'olewa kibao mlangoni.

Penye kuhitaji macho ni murabaha, yaani benki kununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa faida inayojulikana. Mfanyabiashara wa Kongowea ataka tuktuk. Analeta ankara ya muuzaji; benki inanunua, inamiliki, ndipo inamuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa, naye analipa kwa awamu. Mfuatano huo ndio uhalali wenyewe. Sasa mfumo mpya umekuja, karani amefunzwa siku mbili, na mashine inamruhusu kuchapisha karatasi zote kwa mpigo. Foleni ni ndefu, Ramadhani imekaribia, mteja anatia sahihi zote palepale. Muuzaji hajalipwa. Benki imeuza isichomiliki.

Mkaguzi wa sharia hulinganisha tarehe, na saa ikibidi, ya manunuzi na ya mauzo. Akikuta mauzo yametangulia, hupeleka faili kwa bodi ya sharia. Bodi ikithibitisha kosa, faida ya muamala ule hutolewa kwenye mapato na kwenda sadaka. Haiombewi msamaha. Wenye akaunti za mudharaba, wanaogawana faida na benki kwa uwiano waliokubaliana, nao hupata pungufu. Hapo ndipo sisi wa benki tunapoambiwa "mmekula faida yetu". Hatukula! Hata tozo ya kuchelewesha malipo huenda sadaka. Tumeshalisema hili, na tutalisema tena.

Wala msituambie murabaha ni riba iliyovishwa kanzu. Ingekuwa riba, nani angekosa usingizi kwa karatasi iliyotangulia nyingine?

Wenzangu hupima mabadiliko kwa idadi ya matawi yaliyohamia mfumo mpya. Mimi huhesabu mikataba iliyofutiwa faida, kwa sababu huko ndiko hasara inakojificha, na mafunzo ya siku mbili hayajawahi kuiziba.

Basi ukiitwa kutia sahihi, uliza: tuktuk imeshanunuliwa? Omba kuona risiti ya muuzaji. Karani akinuna, mwite meneja wa tawi. Ukija kulalamika, leta kitambulisho, mkataba na ile ankara. Bila ankara tutakurudisha nyumbani.