Kumwanika mnyanyasaji mtandaoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nasaidia watu masuala ya sheria huku Temeke, Dar, na mara nyingi mwanamke aliyemwanika mnyanyasaji wake mtandaoni huja na barua ya wakili mkononi. Wakili ni wa yule yule aliyemfanyia ubaya: futa posti, omba radhi hadharani, lipa fidia. Aliyeumizwa ndiye anayegeuka kujitetea. Inaniuma kila mara.

"Kama ni kweli, hawezi kunishtaki."
Hili ndilo linalowaponza wengi. Ukweli ni utetezi halali katika kesi ya kashfa, ila mzigo wa kuuthibitisha unabebwa na aliyeposti. Mlalamikaji anatakiwa kuonyesha kwamba maneno yanamhusu, watu wengine wameyasoma, na yanamvunjia heshima. Hana kazi ya kuthibitisha kuwa ni uongo. Na unyanyasaji mwingi hufanyika mlango umefungwa, pasipo shahidi. Unaweza kusema kweli tupu mahakamani na bado ukashindwa. Kwa hiyo dada yangu, meseji zake usizifute hata kama zinakutia kichefuchefu. Hifadhi nakala kwa mtu unayemwamini. Fomu ya PF3 (ile ya polisi ya kwendea hospitali) na majibu ya daktari viweke pamoja, na tarehe ziandike daftarini ungali unazikumbuka.

"Sikumtaja jina."
Ukiandika "yule bosi wa duka la vitenge, mtaa fulani Kariakoo, mwenye gari jeupe," na wenzako wa kazini wakamjua, umemtaja. Neno "inadaiwa" halikuokoi. Kusambaza posti ya mwenzio kwenye grupu la WhatsApp nako ni kuchapisha.

"Natumia akaunti feki."
Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Mwaka 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, mtandao wa majadiliano, alifikishwa Mahakama ya Kisutu baada ya mtandao wake kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Usitegemee kila mtandao usimame hivyo kwa ajili yako.

"Nikimtaja, naenda jela moja kwa moja."
Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kina adhabu kali: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wanaokutishia nacho huruka sehemu muhimu. Lazima uwe ulijua kwamba habari ni ya uongo, na ukaitoa kwa kusudi baya kama kukashifu au kupotosha umma. Anayesimulia yaliyompata hayumo humo. Usisaini karatasi ya kuomba radhi kwa woga kabla hujaonana na mwanasheria.

"Basi bora ninyamaze."
Hapana, tafadhali! Udhalilishaji wa kingono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu. Ukieleza kwa nia njema kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, taja jina lake lote. Maelezo hayo yana kinga ambayo posti haina. Kwa wakili na daktari vilevile. Kama huna fedha, TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria bure hapa Dar.

Aliyeumizwa akiwa mtoto, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Picha yake, jina lake na shule yake usiviweke popote, hata kama anayeomba uviweke ni mzazi wake.