"Nimetia milioni ishirini, itauzwa zaidi": dhana potofu za ukarabati wa nyumba Mtwara

Pesa ya korosho ikishaingia tu, sisi wathamini tunaanza kupigiwa simu. "Nimekarabati kwa milioni 20, kwa hiyo thamani imepanda milioni 20, si ndiyo?" Hapana, siyo. Nimeshalijibu swali hili hadi koo limekauka.

Thamani ya soko haitoki kwenye risiti zako za duka la vifaa. Inatoka kwa mnunuzi, na mnunuzi anatazama nyumba za jirani zimeuzwa ngapi, kiwanja kina ukubwa gani, gari linafika mlangoni au linaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, na hati ipo au haipo. Tuseme uko Chikongola na nyumba za mtaa wako zinauzwa milioni 40. Wewe umeweka marumaru hadi barazani, dari ya jipsamu yenye taa za rangi tatu na makabati ya jikoni ya zambarau. Mazungumzo yataanzia 40 ileile, maana mwenye 70 mfukoni anatafuta Shangani. Tena hayo makabati mnunuzi anayapigia hesabu ya kuyang'oa.

"Basi nitapangisha." Sawa, chukua kalamu. Umetumia milioni 18 kwa marumaru na jipsamu, kodi ikapanda kutoka 150,000 hadi 200,000 kwa mwezi. Nyongeza ni 600,000 kwa mwaka. Pesa yako inarudi baada ya miaka 30, na hapo hujapaka rangi upya hata mara moja, wala mpangaji hajahama akakuachia miezi mitatu mitupu. Sasa chukua nyumba ya vyumba vya kupangisha, yenye choo kimoja cha nje na LUKU moja ambayo wapangaji wanaigombania kila wiki. Ukitumia 1,200,000 kuongeza choo na kumtengea kila mmoja mita yake, kodi zote kwa jumla zikapanda 30,000 kwa mwezi, umemaliza kurudisha ndani ya miaka mitatu na miezi minne. Kazi hii haina picha ya kutuma kwenye kundi la familia, ndiyo maana hakuna anayeitaka.

Kama nyumba ni ya kuishi mwenyewe na hutaiuza, weka jipsamu upendavyo. Hayo ni matumizi, kama harusi. Usiniletee tu niyaandike kuwa mtaji.

Kinachonikera zaidi ni marumaru mapya chini ya paa linalovuja. Mnunuzi akiona doa la maji kwenye dari hakati bei ya bati mbili tu, anakata na hofu yake ya mbao zilizooza huko juu. Kwa hiyo anza na paa, kisha unyevu wa ukutani, kisha choo. Pwani hii hewa yenyewe ina chumvi na bati linakula kutu mapema. Fundi akikuletea mchanga wa baharini kwa sababu ni wa bure, mrudishe nao, kwani chumvi yake itakula nondo ndani ya zege.

Na bati la geji 32 si nene kuliko la 28. Ni jembamba. Namba ikipanda, bati linapungua unene.

Nyumba za kale za Mikindani, za mawe ya matumbawe na chokaa, watu wanazipiga plasta ya saruji "ziwe imara". Ukuta ule unatoa unyevu kwa kupumua. Saruji inaufungia ndani, na baada ya misimu michache plasta inabanduka vipande vipande. Tumia chokaa.

"Gesi ikianza, bei zitaruka." Gesi ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982 na bomba la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015. Waliopanua nyumba za wageni kwa mikopo wakitegemea wafanyakazi wa mradi walibaki na vyumba vitupu ujenzi ulipokwisha, huku marejesho ya benki yakiendelea. Mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o, Lindi, bado ni mpango, na mpango haulipi kodi ya mwezi huu.

Mwisho kuna wanaoongeza vyumba bila kibali cha halmashauri, kwenye kiwanja kisicho na hati, halafu wanataka ripoti ya kuombea mkopo. Benki itaulizia hati kabla haijauliza marumaru ni ya wapi. Hizo milioni za vyumba vipya zingelipia kwanza upimaji wa kiwanja ili upate hati.