Kero ya Masika Ipelekwe Kiangazi

Aprili ndio mwezi ambao ofisi za mitaa hapa Mwanza hujaa watu. Mvua ikinyesha usiku kucha juu ya vilima vya Isamilo, Bugando na Igogo, asubuhi utamkuta mwenyekiti wa mtaa amesimama mlangoni, wananchi wamemzunguka, kila mmoja na lake. Huyu maji ya mtaro yameingia ndani, yule bajaji yake imekwama tangu alfajiri, mwingine watoto hawakwenda shule kwa sababu kivuko kimekatika. Mwaka mmoja nilihudhuria mkutano wa namna hiyo katika mtaa ulio bondeni, karibu na Mto Mirongo. Mama mmoja alikuja na sufuria. Aliiinamisha mbele ya mtendaji, tope zito likadondoka sakafuni, akasema, "Baba, hili nimelitoa jikoni kwangu. Nataka lami."

Kilio chake kilikuwa cha haki kabisa. Ila kwa kuwa kazi yangu ni mipango miji, ilinibidi nimweleze jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza: Aprili alikuwa amechelewa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Vikitoka kwenye mkutano wa mtaa huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, vikachambuliwa na wataalamu, vikapita kwenye kamati za kudumu hadi Baraza la Madiwani. Masika yanapokolea, makadirio yameshafika Dodoma na Bunge linayajadili. Shimo linalotajwa wakati huo kwa mara ya kwanza limeikosa bajeti hiyo, hata kama kila kiongozi anakubali kwamba ni baya. Lipo fungu la dharura, lakini hilo hukimbilia daraja lililosombwa au barabara iliyokatika kabisa. Mtaro uliojaa mchanga haufiki huko.

Ndiyo maana nawaomba wananchi wenzangu wa Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za mji wetu, wabadili msimu wa kudai. Mkutano wenye nguvu kuhusu maji ya mvua ni ule wa Julai, Agosti na Septemba, vumbi likiwa linatimka na hakuna anayekumbuka tope. Najua ni vigumu. Jua likiwaka, mkutano wa mtaa huhudhuriwa na watu kumi na wazee wawili. Lakini kinachoandikwa siku hiyo ndicho chenye nafasi ya kuingia kwenye mpango.

Jambo la pili ni kumjua mwenye barabara. Barabara ya kwenda Musoma inayopita Nyakato na Igoma, ile ya Shinyanga inayopita Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa, na ile ya uwanja wa ndege inayopita Kirumba na Pasiansi, hizo ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Barabara za ndani ya mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017 ukazichukua kutoka kwenye halmashauri. Watu wengi bado wanakwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri kuomba greda, ilhali kazi ya kuchonga barabara ilishahamia kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Halmashauri imebaki na mambo mengine mazito: takataka, masoko, vibali vya ujenzi, upimaji wa viwanja. Bomba likipasuka ni MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji; nguzo ya umeme ikiinama ni TANESCO.

Kuna wakati kero moja ina wenyewe zaidi ya mmoja. Nimewahi kuona lami ikizibwa kiraka juu ya kiraka mahali pamoja, kumbe chini yake bomba linavuja. Maji yakishaingia chini ya lami, udongo unalegea, gari zito likipita tabaka linabonyea, ufa unafunguka na maji mengine yanaingia. Mahali kama hapo bomba lisipotengenezwa kwanza, kiraka ni hasara tupu. Mwananchi anayeandika kwamba "hapa maji yanatoka hata kiangazi" amemsaidia mhandisi kuliko anayeandika kwamba barabara ni mbovu.

Na hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana naona kero nyingi zinapotelea kwenye maneno. Mkutano unafanyika, wananchi wanasema "tunataka lami", mtendaji anaandika "wananchi wanaomba lami", basi. Sentensi hiyo huletwa na karibu kila mtaa, na lami ni ghali. Inakaa kwenye orodha mwaka hadi mwaka.

Wahandisi wana mafungu yao. Kuna matengenezo ya kawaida, kama kuzibua mitaro na kuziba mashimo. Kuna matengenezo ya muda maalumu, yaani kurudishia tabaka la changarawe au lami iliyochoka. Kuna matengenezo ya sehemu korofi, na kuna makalavati, yaani njia za maji zinazopita chini ya barabara, na madaraja. Fungu la sehemu korofi ndilo wananchi wengi hawalifahamu, na ndilo linalofaa sana mitaa yetu ya vilimani. Barabara ya kilomita moja na nusu inaweza kuwa nzuri yote isipokuwa mita themanini pale kwenye kona ya mteremko, na mita themanini hizo ndizo zinazozuia gari la mgonjwa lisifike juu. Muhtasari wa mkutano ukisema "mita themanini, kuanzia nyumba ya mzee fulani hadi kwenye jiwe kubwa, maji yanakatiza barabara kutoka kushoto, kalavati lililopo limeziba", hapo mhandisi anaweza kukadiria gharama. Kazi inayojulikana ukubwa wake huingia kwenye mpango kwa urahisi kuliko ombi lisilo na mipaka.

Mji wetu wa miamba una jambo lake la pekee. Udongo juu ya vilima ni mwembamba, chini yake ni jiwe, kwa hiyo mvua hainywewi na ardhi. Inateremka yote kwa pamoja, kwa kasi, ikibeba mchanga, kokoto na mifuko, hadi bondeni. Lami kwenye mteremko mkali bila mtaro wa uhakika haidumu. Barabara zilizosakafiwa kwa mawe, ambazo baadhi ya vilima vyetu vimeshazipata, zinaonekana duni machoni pa anayeota lami, lakini mimi nazisifu. Malighafi iko hapahapa, vijana wa mtaa wanaweza kuajiriwa kuzijenga, na jiwe likichomoka linarudishwa kwa mikono. Mtaa wa mlimani usione haya kuomba mawe.

Kuhusu muhtasari wenyewe: mtendaji wa mtaa ndiye katibu wa mkutano, na mna haki ya kusomewa muhtasari wa kikao kilichopita kabla ya kuendelea na kingine. Sikilizeni kama kero yenu imo, kama mahali pametajwa na kama mtaro umepimwa japo kwa hatua za miguu. Ikikosekana, mtu anyooshe mkono palepale iongezwe. Nakala ifike kwa diwani, kwa sababu diwani anayeingia kwenye kikao na karatasi yenye vipimo anasikilizwa. Mikutano ya Baraza la Madiwani nayo huwa wazi, na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 walipewa dhamana ya miaka mitano, kwa hiyo wanapita kwenye bajeti kadhaa. Ulizeni, kila mwaka, kipaumbele cha mtaa kilifika ngazi gani na kilikwama wapi.

Mradi ukishafika, tafuteni bango lake. Linaeleza mkandarasi ni nani, mwajiri ni nani na kazi inaisha lini. Kazi ikikabidhiwa, mkandarasi huwa na kipindi cha uangalizi, mara nyingi mwaka mmoja, ambacho kasoro zake huzirekebisha kwa gharama yake mwenyewe. Mtaro ukipata ufa mwezi wa nne baada ya makabidhiano, andikeni mara moja. Mkikaa kimya hadi mwaka uishe, matengenezo yatalipwa na kodi yenu wenyewe.

Na sisi wakazi tuna sehemu yetu, naisema kwa upendo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mirongo imebanwa na kuta pande zote. Kuna waliofunika mtaro kwa zege ili wapate baraza la duka, na kuna wanaosubiri mvua ianze ndipo wamwage takataka ziondoke nayo. Takataka hizo hazipotei. Zinaziba kalavati la jirani wa chini, zinazobaki zinaingia ziwani, humohumo tunamovua na kuchota maji ya kunywa.

Mama wa sufuria hakuondoka na lami siku ile. Aliondoka na ushauri mmoja: maji yakiingia tena, achukue mkaa achore mstari ukutani pale yalipofika. Alichora. Agosti alisimama kwenye mkutano uliokuwa na watu wachache, mstari huo ukaandikwa kwenye muhtasari pamoja na urefu wake kutoka sakafuni. Mhandisi alipokuja kukagua, alivuta futi kutoka kwenye alama ya mkaa hadi mdomo wa kalavati, akaona mwenyewe kwamba kalavati lile lilikuwa dogo kwa maji yanayoteremka. Haikuwa Julai iliyofuata, ilikuwa ile ya pili yake, lakini kalavati kubwa lilikuja, na mtaro wa mawe mita chache juu yake. Lami bado anaidai, na siku hizi anaanza kuidai Agosti.