Eti hakuna magofu, basi hawakuishi watu

Juzi tena. Mzee mmoja sokoni Majengo, kusikia tu nimetoka Kilwa kwenye kazi ya akiolojia visiwani, kutafuta makazi ya kale, kaniuliza "sasa mwanangu kisiwa chenyewe hakina hata gofu, unatafuta nini?" Nikameza mate, maana wanafunzi wangu wenyewe huniuliza hivohivo.

Jamani, sisi wa Dodoma tembe, zile nyumba za miti na udongo, tunazijua. Tembe ikihamwa, mchwa wanakula miti, paa la udongo linashuka, mvua inamalizia, baada ya miaka kinabaki kituta tu ng'ombe wanapita juu na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo Wagogo hawakuishi hapo? Visiwani nako wengi walikaa nyumba za miti na udongo, hata Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kuwa nyumba za mji ni za mbao. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, Kenya, chini ya msikiti wa mawe wanaakiolojia walikuta misikiti ya miti imetangulia, ya tangu karne ya 8. Na Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, inayosifika kwa majumba ya matumbawe, walipopima ardhi kwa mitambo wakachimba, sehemu zilizoonekana uwanja mtupu zikatoa nyumba za udongo.

Ndo maana tukitembea kwa mistari macho chini hatutafuti ukuta, tunatafuta vigae vya vyungu, makombe ya baharini, bonge la udongo ulioungua lenye alama ya fito upande mmoja. Na mi siku zote nasema anza na mashimo ya kaa! Kaa anakuchimbia bure, vigae na mkaa anakutupia nje. Afu kapite ukingo wa ufukwe unaoliwa na maji, afu mibuyu.

Mali ya Mjerumani, ile inayosemwa aliifukia? Hakuna. Hiyo stori imefanya watu wachimbechimbe mpaka mapango ya michoro Kondoa, na tabaka la udongo likishavurugwa halirudi.

Eti kila kitu cha Waarabu? Vyungu vya mwanzo vya pwani, vile vya mikwaruzo ya pembetatu, ni vya kwetu, vimepatikana mpaka Dakawa, Morogoro.

Na kipimo cha kaboni hakisomi umri wa kigae chochote utakacho, kinapima kitu kilichowahi kuwa hai, mkaa, mfupa, mbegu, na lazima tujue kilitoka tabaka gani. Kuna jamaa kaniletea kigae ndani ya soksi, alikookota hakumbuki, ila mwaka anautaka. Nimemrudishia na soksi yake.