Kiharusi na moyo wa mtoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kiharusi ni cha wazee." Kauli hii huwachelewesha watoto kufika hospitali. Ukweli ni kwamba kiharusi humpata hata aliye tumboni. Kichanga mara nyingi hapindi mdomo kama mtu mzima. Hupata degedege, pengine mkono mmoja tu ukirukaruka. Wengine hawaonyeshi chochote kwa miezi. Kisha ndugu wanafurahi: huyu ni wa mashoto, ana miezi 6 na kila kitu anashika kwa kushoto! Kumbe kulia amekunja ngumi, haufunguki. Kabla ya kutimiza mwaka, mtoto kwa kawaida hutumia mikono yote miwili. Akichagua mmoja mapema hivyo, daktari autazame ule mwingine.

"Hana presha, kiharusi kitoke wapi?" Kwa watoto, kitafute kwenye moyo na kwenye damu. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni chanzo kikubwa: chembe za damu zilizopinda kama mundu huharibu mishipa ya ubongo, ikasinyaa na kuziba. Hatari hiyo huweza kuonekana mapema. Kipimo cha Dopla huwekwa panjani na kupima kasi ya damu, bila sindano wala maumivu, kwa watoto wa selimundu wa miaka 2 hadi 16. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kuwa waliokutwa na kasi kubwa, wakiongezewa damu mara kwa mara, hatari ya kiharusi cha kwanza ilishuka kwa takriban asilimia 90.

"Mkono ulilegea, ukarudi, basi yamepita." Hapana. Mpeleke siku hiyo hiyo.

"Tundu la moyo lazima lipasuliwe." Madogo mengi hujifunga yenyewe. Ila mtoto anayelowa jasho akinyonya, akaachia titi ili ahemee, huyo kunyonya kwake ni kama kupanda mlima. Na mwenye midomo ya bluu anayechuchumaa katikati ya mchezo si mvivu. Mkao ule husukuma damu zaidi kwenda mapafuni.

"Koo tu hilo." Mengi hupona, kweli. Lakini koo la bakteria lisilotibiwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ikala vali za moyo, yaani milango yake ya kupitisha damu. Hapo sindano ya penisilini huchomwa kila wiki 3 au 4, kwa miaka, hata mtoto anapokimbia na kucheka kama wenzake.