Taa ya onyo haipimi uzima wa shoki

Wenye magari ya michezo yenye shoki (vifaa vinavyotuliza mdundo wa gari) zinazorekebisha ugumu kwa umeme wengi huamini kwamba taa ya onyo isipowaka kwenye dashibodi, shoki bado ni nzima. Inaeleweka, kwani taa hiyo hufichua hitilafu nyingi. Lakini kompyuta hufuatilia nyaya, vali ya umeme na sensa. Haioni sili (raba inayozuia oili kutoka) iliyochakaa, oili iliyopungua wala gesi iliyovuja.

Futa shoki kwa kitambaa kikavu, endesha siku chache, kisha tazama. Ukungu mwembamba wa oili karibu na sili ni kawaida. Oili inayotiririka hadi chini si kawaida. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukihisi mabonde na vilima, huenda shoki haizuii tena gurudumu kudunda, ingawa balansi mbaya nayo huleta hayo. Halafu, ukiwa Nakuru au Kisumu, pita tuta lilelile mara mbili polepole, kwanza shoki zikiwa kwenye hali ya starehe, kisha ya michezo. Tofauti ikikosekana, fundi apime.

Na taa ikiwaka, fundi asome kwanza kodi ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Waya uliokatika hauhitaji shoki mpya, na shoki hizi ni ghali mno kubadilishwa kwa kukisia.

Zikibadilishwa, ziwe mbili za ekseli moja, pamoja na raba za kuzuia kugonga na vifuniko vya vumbi. Boliti za bushi (raba za kwenye maungio) zikazwe gari likiwa limekalia magurudumu; zikikazwa magurudumu yananing'inia, bushi hujipinda na kuchanika mapema. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu.