Sainasi kwa Wagonjwa wa Lukemia: Kwa Nini Mmoja Hurudishwa Nyumbani na Mwingine Hulazwa

Kliniki yetu ya magonjwa ya damu imekuwa ikipokea malalamiko ya aina mbili yanayoonekana kupingana. Wapo wagonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu, waliougua sainasi (uvimbe wa vishimo vya hewa vinavyozunguka pua) kwa wiki nyingi, makamasi mazito na uso ukiwauma, ambao walirudishwa nyumbani bila antibiotiki. Na wapo waliofika na homa kidogo tu, pua zikiwa kavu, wakalazwa usiku huohuo. Uamuzi ulikuwa sahihi katika hali zote mbili.

Usaha hutokana kwa kiasi kikubwa na nutrofili, yaani zile chembe nyeupe za damu zinazokufa zikipambana na vijidudu. Nutrofili zinaposhuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, iwe ni kwa sababu lukemia imejaa kwenye uboho au kwa sababu ya tiba ya kemikali, usaha huo hautengenezwi ipasavyo hata kama maambukizi yanasambaa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, pua kavu haimwondolei mtu wasiwasi.

Ndiyo maana tunategemea kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38.3 mara moja, au likibaki kwenye nyuzi 38.0 au zaidi kwa saa nzima, mgonjwa aje idara ya dharura bila kusubiri asubuhi wala siku yake ya kliniki. Jambo la kwanza kumwambia mhudumu wa mapokezi, kabla ya kuulizwa namba ya faili, ni kwamba anatibiwa lukemia. Atachukuliwa damu ya kuoteshwa maabara, pamoja na sampuli kutoka kwenye katheta, yaani mrija uliowekwa kwenye mshipa wake, ikiwa anayo, kisha ataanzishiwa antibiotiki ya mshipani, kwa lengo la kutozidi dakika 60 tangu alipofika, bila kusubiri majibu. Kipimo cha CT cha uso (picha za kompyuta), kikihitajika, hufuata baadaye. Anayemeza paracetamoli kwanza ili homa ishuke kabla ya kuja huficha dalili ambayo huenda ndiyo pekee iliyosalia, na jambo hili tumelisema mara nyingi mno.

Fangasi ndio tunaowahofia zaidi. Uso ukifa ganzi upande mmoja, jicho likivimba au likaona vitu viwili viwili, au doa jeusi likitokea puani au kwenye kaakaa, saa chache zina uzito mkubwa, kwa kuwa dawa ya fangasi na upasuaji wa kuondoa tishu zilizokufa lazima viende pamoja.

Sainasi sugu, inayodumu wiki 12 au zaidi kwa mgonjwa ambaye nutrofili zake zinatosha, ni suala jingine. Mara nyingi hapo kinachosumbua ni uvimbe wa utando wa ndani, nao haupungui kwa kurudiarudia antibiotiki. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi husaidia, ila maji hayo yawe yamechemka kwa dakika moja kamili na kupoa, au yawe maji yaliyotoneshwa (distilled). Maji ya bomba yasitumike yalivyo. Mwenye chembe sahani chache, yaani zile zinazogandisha damu, aulize kwanza, kwa sababu pua yake inaweza kutoka damu kwa urahisi. Dawa ya kupuliza ya kuzibua pua isizidi siku tatu, la sivyo pua huziba zaidi. Dawa ya steroidi ya puani, ambayo wengi huiona haina madhara, inaweza kurundikana mwilini kwa mgonjwa anayetumia dawa za fangasi itrakonazoli au vorikonazoli, hasa ikiwa steroidi hiyo ni flutikasoni, hadi kudhoofisha tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi asilia za mwili. Kwa hiyo tunaomba kila chupa iletwe kliniki, hata ile iliyonunuliwa bila cheti.

Wagonjwa wa lukemia sugu ya limfositi wana tatizo lao: kingamwili zao aina ya IgG huwa chache, na sainasi hurudi kila mara. Baadhi yao hupewa kingamwili kwa dripu kila baada ya wiki tatu au nne, lakini kiwango cha chini cha IgG peke yake hakitoshi kumpa mtu tiba hiyo. Tunaangalia pia idadi na uzito wa maambukizi aliyoyapata. Anayetaka ombi lake lifikiriwe aje na orodha ya tarehe alizougua na dawa alizopewa kila mara, kwa sababu faili letu halina rekodi za kliniki nyingine.